Kulegeza Misuli: Istilahi Inayompa Mgonjwa Kazi

Mwambie mama aliyetoka tiata jana, "Mama, pumzika," naye atakujibu, "Mwanangu, tangu jana nimelala hapa hapa, nipumzike vipi tena?" Ana haki. Kupumzika kwetu ni kuacha kazi, na muuguzi anayemwambia hivyo anataka mama aifanye kazi: aondoe mkazo mwilini kwa makusudi, kundi moja la misuli baada ya jingine.

Mbinu hiyo ilielezwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1929. Aliona kwamba watu wengi hawajui kama misuli yao imekaza. Ukikunja ngumi kwa sekunde 5 hivi, kisha ukaiachia polepole huku ukitoa pumzi, mkono wenyewe hukufundisha tofauti. Baada ya ngumi huja mabega, taya, hata miguu.

Tuiiteje kwa Kiswahili? "Kutuliza" limeshachukuliwa na dawa za kutuliza maumivu. "Kulegea" linatisha: ndugu akisikia mgonjwa wake amelegea, atakimbia kumwita daktari. Lakini legea ikigeuka legeza, maana inahama. Aliyelegea amepatwa na jambo. Anayelegeza fundo au mkanda analitenda. Ndiyo maana napendekeza "kulegeza misuli hatua kwa hatua". Na "kupumzika" tusilitupe, maana ndani yake mna pumzi, na pumzi ndefu ni nusu ya mbinu hii.

Kwa mgonjwa wa upasuaji kazi hii ina sababu. Kidonda kikiuma, mwili hujihami: misuli inayokizunguka hukakamaa, pumzi huwa fupi, na kule kukakamaa huongeza maumivu juu ya maumivu. Somo litolewe kabla ya siku ya upasuaji, kwani mwenye kidonda kibichi na usingizi wa dawa hafundishiki kwa urahisi. Aliyepasuliwa tumbo asilikaze tumbo. Aanze na taya na mikono, na tumboni alegeze tu. Dawa alizoandikiwa aendelee nazo, na maumivu yakizidi ghafla amwambie muuguzi, asijaribu kuyalegeza.

Istilahi hii ina mpinzani, naye hayumo kwenye kamusi. Huingia wadini saa za kuona wagonjwa, pamoja na chupa ya uji: "Pole, mama. Jikaze." Neno hilo tunalitoa kwa upendo, na mgonjwa hulitii kwa mwili mzima, huuma meno, hupandisha mabega, hubana pumzi. Kwa hiyo muuguzi akishamfundisha mama, awageukie na waliomletea uji. Nao wamwambie, "Pole, mama. Legeza mabega."