Sembe, Dona na Muhogo: Historia ya Ladha katika Pwani ya Mtwara

Nchini Italia, mtu wa Naples na mtu wa Roma wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya pizza. Wa kwanza huitaka laini, yenye kingo zilizoumuka. Wa pili huipenda nyembamba na kavu. Wamarekani nao wamegawanyika: New York hula vipande vipana vinavyokunjwa mkononi, ilhali Chicago huoka pizza nene katika chombo chenye kina. Ubishi huo ni mkali, lakini ni ubishi wa watu wanaoheshimiana. Sijapata kusikia mtu wa Roma akiiita pizza ya Naples chakula cha njaa. Mwaka 1984 wapishi wa Naples waliunda chama cha kulinda mapishi yao, na mwaka 2017 UNESCO ikautambua ufundi wao kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Sisi Watanzania tuna ugali, na ugali wetu una mitindo mingi kuliko pizza. Dodoma wana ugali wa uwele na mtama unaoteremka kwa mlenda. Kanda ya Ziwa wana ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa kabla ya kukaushwa na kusagwa. Kigoma hula ugali wa muhogo kwa dagaa na migebuka. Tanga ugali wa makopa huitwa bada. Na katika pwani ya kusini, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na kuendelea hadi mlangoni mwa Mto Ruvuma, ugali wa muhogo huliwa kwa samaki wa kuchoma, kwa pweza, au kwa kisamvu kilichotiwa tui la nazi. Wahenga walisema, mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kwa ugali hata unga wenyewe si mmoja.

Tofauti kati yetu na Waitalia ni kwamba mitindo yetu tumeipanga kwa vyeo. Juu kabisa tumeweka sembe, nyeupe, iliyokobolewa. Chini yake tumeweka dona, ambalo siku hizi limepata heshima kidogo kwa sababu madaktari wamelisifu. Mtama na muhogo tumeviweka chini kabisa, katika fungu la vyakula vya shida. Kijana wa Tandahimba anayefika chuo kikuu Dar es Salaam hujifunza upesi kutotaja alichokuwa akila nyumbani. Swali la makala haya ni la kihistoria: nani aliyevipanga vyeo hivyo, na lini?

Wote ni wageni

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Wapo wanaoutetea muhogo kwa hoja kwamba ni chakula cha asili, na mahindi ni cha kuletwa. Hoja hiyo haina nguvu. Muhogo na mahindi vyote viwili vilitoka Amerika, vikavuka bahari katika biashara iliyofunguliwa na Wareno kuanzia karne ya 16. Mkorosho nao, ambao leo ndio utambulisho wa Mtwara, asili yake ni Brazil na ulifika kwa njia hiyohiyo. Jina la mahindi katika Kiswahili linaelekeza Uhindi, lakini Uhindi haukuwa chanzo chake. Kabla ya wageni hao, nafaka kuu za ukanda huu zilikuwa mtama na uwele, pamoja na mpunga mabondeni.

Hata Naples hawana asili isiyochanganyika. Nyanya, ambayo bila hiyo pizza yao haifikiriki, nayo ilitoka Amerika. Na jina la pizza lilipofika Unguja, wapishi wa Forodhani walilipa chakula kingine kabisa: unga wa ngano uliotandazwa ukawa mwembamba kama kitambaa, ukajazwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Chakula hicho ni ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa na wa mutabbaq ya Uarabuni kuliko kuwa ndugu wa pizza ya Naples. Hakuna anayekidharau kwa sababu hiyo. Chakula huwa cha mahali fulani pale watu wa mahali hapo wanapokifanyia kazi, wakakifahamu na kukipenda.

Kusini walikuwa na sababu nzuri za kuupenda muhogo. Uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba una udongo wa kichanga na maji ya shida. Kwa miaka mingi wanawake wa huko waliteremka mabondeni kuyafuata. Muhogo huvumilia ardhi hiyo. Hukaa ardhini hadi utakapohitajika, kwa hiyo shamba huwa ghala. Katika eneo lililopitiwa na biashara ya watumwa, kisha Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyovifuata, zao lisiloonekana ghalani lilikuwa salama kuliko nafaka iliyoweza kuporwa au kuchomwa moto.

Posho na amri

Vyeo vya unga vilianza kupangwa wakati wa ukoloni, na vilipangwa kwa njia mbili zilizokwenda pamoja.

Njia ya kwanza ilikuwa ajira. Vijana wengi wa kusini, pamoja na Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga. Huko walipewa posho, na sehemu kubwa ya posho hiyo ilikuwa unga wa mahindi. Mwajiri aliupenda unga huo kwa sababu ulinunuliwa kwa wingi, ulipimika kwa ratili na ulisafirishika kwa magunia. Nguvu ya utaratibu huo inaonekana katika lugha yenyewe: nchini Uganda, neno posho hadi leo maana yake ni ugali wa mahindi. Mgawo wa kibarua umekuwa jina la chakula.

Mji wa Mtwara wenyewe ni mtoto wa utaratibu huo. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulihitaji bandari yenye kina kwa ajili ya karanga za Nachingwea, na bandari ya kale ya Mikindani haikutosha. Ikajengwa Mtwara, ikajengwa na reli. Karanga hazikuja, mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mji ulibaki. Ulikuwa mji wa makarani, mafundi na vibarua, watu waliopokea mshahara na kununua unga dukani. Hapo ndipo unga wa mahindi ulipokuwa unga wa mwenye kazi, na muhogo ukawa chakula cha aliyebaki kijijini.

Njia ya pili ilikuwa amri. Serikali ya Waingereza, kwa kuhofia njaa, ilitumia mamlaka za wenyeji kutunga sheria ndogo zilizolazimisha kaya kulima muhogo kama akiba. Aliyekaidi alitozwa faini. Nia ya amri hiyo inaweza kutetewa, kwani iliokoa maisha. Lakini tazama ilichofanya katika fikra za watu. Zao ambalo watu wa kusini walilichagua wenyewe kwa hekima yao sasa liliingia katika daftari la serikali kwa jina la zao la kinga ya njaa. Mahindi yalikuwa chakula. Muhogo ulikuwa tahadhari.

Baada ya Uhuru

Uhuru haukuifuta tofauti hiyo. Shirika la Usagishaji la Taifa lilikuwa, kwa maisha ya mijini, shirika la sembe. Katikati ya miaka ya 1970 bei moja ya mahindi kwa nchi nzima iliwanufaisha wakulima wa mikoa ya mbali kama Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa, kwa kuwa serikali ndiyo iliyobeba gharama za usafiri.  Katika miaka hiyohiyo ya Kilimo cha Kufa na Kupona, sheria ndogo za kulazimisha mazao ya njaa zilirudi, safari hii kwa sauti ya makatibu kata.

Wazee watakumbuka pia unga wa Yanga. Miaka ya ukame na uhaba ilipoleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, wananchi waliyapa jina la rangi ya klabu ya Yanga, na wengi waliyala kwa kinyongo. Kilishe hayakuwa na kasoro. Mahindi ya manjano yana vitamini A ambayo meupe hayana. Lakini watu waliokwishafundishwa kwamba weupe ndio ubora waliona wamedhalilishwa. Ladha binafsi, ambayo kila mmoja wetu huidhani ni yake peke yake, ilikuwa imekwishajengwa na nusu karne ya posho, viwanda na bei.

Hata hivyo ladha hubadilika, na Mtwara inatupa ushahidi. Ming'oko ni viazi vya porini ambavyo wanawake wa Mtwara na Lindi huvichimba msituni. Zamani vilikuwa kimbilio wakati wa njaa. Leo huchemshwa kwa chumvi na kuuzwa barabarani, na mtu wa kusini anayeishi Dar es Salaam huvitamani. Hakuna amri iliyowalazimisha watu kuvipenda.

Uchungu wa muhogo

Mtetezi mwaminifu wa muhogo hawezi kuukwepa upande wake wa hatari. Wakulima wengi wa kusini hupendelea muhogo mchungu, na hawafanyi hivyo kwa ujinga. Unazaa vizuri, na nguruwe mwitu, nyani na wezi huuogopa. Lakini uchungu huo ni dalili ya sumu ya sianidi, inayoondolewa kwa kuvundika, na kupunguzwa kwa kukausha makopa kwa muda wa kutosha. Njaa inapobana, muda hukosekana. Njia ya mkato inayojulikana kusini kama chinyanya, ya kuponda na kuanika kwa haraka, huacha sumu nyingi katika unga.

Mwaka 1988 wilayani Masasi watu waliugua ghafla kwa kula muhogo ambao haukuandaliwa ipasavyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mtwara na Mbinga zilikumbwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na bila tiba, ambao huwapata hasa watoto na wanawake wanaokula muhogo mchungu bila protini ya kutosha. Kinga yake ni nyepesi kiasi cha kutia uchungu: unga hulowanishwa kwa maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha hupikwa siku hiyohiyo. Gharama yake ni maji kidogo na elimu.

Hapa ndipo dharau inapogeuka madhara. Zao lisilohesabiwa kuwa chakula halitafutiwi elimu ya chakula. Watafiti wetu, wakiwamo wa Kituo cha Naliendele, wamehangaika kutafuta mbegu zinazostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na wanastahili sifa. Lakini Kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi zilihusu unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Unga wa muhogo haumo. Mtoto wa Msimbati anayekula muhogo kila siku, tena wenye protini chache kuliko nafaka, ndiye aliyeachwa nje ya kanuni iliyotungwa kwa ajili ya lishe.

Kinachotoka na kinacholiwa

Mtwara hutajwa Dodoma na Dar es Salaam kwa vitu vinavyotoka Mtwara. Korosho huondoka, nyingi zikiwa hazijabanguliwa. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilipopangiwa bomba la kwenda Dar es Salaam, wananchi waliandamana mwishoni mwa 2012, na mwaka 2013 damu ikamwagika. Wengi wakati ule waliwaona watu wa kusini kuwa wabinafsi au wasioelewa uchumi. Nadhani walikuwa wakisema jambo la zamani zaidi: kwamba mkoa wao huthaminiwa kwa kile unachokitoa, na hudharauliwa kwa namna unavyoishi. Unga wa muhogo ni sehemu ya malalamiko hayo, ijapokuwa haukuandikwa kwenye bango lolote.

Kwa hiyo nina maombi mahususi kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya. Unapoandaa mwongozo wa chakula cha shule kwa Mtwara Vijijini, uliza kwanza wazazi wanapika nini, kisha uone namna ya kukiboresha kwa kunde, dagaa na korosho, badala ya kuagiza magunia ya sembe kutoka mbali. Kanuni za virutubishi zikirejewa, unga wa muhogo uingizwe. Maofisa ugani wafundishe kulowanisha unga kwa bidii ileile wanayofundisha kupulizia mikorosho salfa. Na katika ripoti zetu tuliache neno "zao la njaa" kwa chakula ambacho watu wanakila pia mwaka wa neema, kwa hiari yao, na kwa raha.

Wanafunzi wangu, ninyi mnaopenda kuhoji mipaka iliyochorwa na wakoloni, hojini na vyeo vya sahani zenu. Anayependa sembe na aile; ladha yake ni halali. Anachopaswa kujua ni kwamba ladha hiyo ina historia, na kwamba historia hiyo haimpi ruhusa ya kumcheka jirani anayekanda ugali wake wa muhogo.