Chuma ambacho wahunzi hawakukigusa

Malori yanayokwenda Tunduma kupanga foleni ya kuvukia Nakonde, Zambia, hupita Mbozi bila kusimama. Kusini mwa barabara hiyo, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, limelala bonge la chuma la urefu wa mita 3 hivi, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Ndicho Kimondo cha Mbozi. Kilianguka zamani mno: shimo lake halionekani tena, wala wenyeji hawana ngano ya moto ulioshuka kutoka mbinguni.

Mahali patakatifu kwa kawaida pana kisa chake. Hapa kazikwa mtemi, pale kaswali sharifu. Marengi kulikuwa na mwiko tu. Inasimuliwa kwamba kimondo kilikuwa jambo la kunyamaziwa, na mgeni hakudokezwa. Wamoraviani walifungua misheni Mbozi mwaka 1899, na mmisionari wao Traugott Bachmann akakijua Kinyiha hadi akatafsiri Agano Jipya. Wajerumani wakatawala wakaondoka, wakaja Waingereza. Habari za kimondo hazikutoka nje hadi mwaka 1930, kupitia W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg.

Nao Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, hawakuwa wageni wa chuma. Walikuwa wahunzi, waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa katika tanuru za udongo, wakafua majembe. Kazi hiyo ni jasho tupu, na huku mlimani kuna tani kadhaa za chuma kisichohitaji tanuru! Mwenye shaka atasema ugumu ndio uliowashinda. Ana hoja. Desemba 1930 mwanajiolojia D. R. Grantham alikata kipande cha sentimita 10 kwa msumeno wa chuma, ikamchukua saa 10. Kimondo kina nikeli karibu asilimia 9. Lakini ugumu hauelezi ukimya. Kitu kilichomshinda mtu hukisimulia, tena kwa chumvi.

Waliokimega ni wengine. Ukisimama upande wa ncha unaona makovu yaliyokaa ovyo ovyo, kazi ya watu waliotaka kumbukumbu ya kuondoka nayo. Mwaka 1967 Serikali ilikiweka chini ya ulinzi wa sheria. Udongo ulichimbwa kukizunguka, ikaachwa nguzo chini yake, nayo ikaimarishwa kwa zege.

Si kila kimondo kilibaki kwao. Kule Oregon, Marekani, kulikuwa na kimondo cha Willamette, cha tani 14 hivi. Wenyeji wa huko, Waclackamas, walikiita Tomanowos na kuyaheshimu maji ya mvua yaliyotuama katika vishimo vyake. Kikanunuliwa, na mwaka 1906 kikaingizwa jumba la makumbusho New York, upande wa pili wa nchi. Makubaliano ya mwaka 2000 yanawaruhusu wazao wao kwenda kufanya ibada humo kila mwaka. Mtu wa Ndolezi, kijiji kilicho na Kimondo cha Mbozi, hukifikia cha kwao kwa miguu, ingawa siku hizi getini kuna kiingilio.