Unataka kamera moja ya sherehe na ya nyota? Soma hii kabla hujatoa hela

Kama uko Morogoro na mchana unapiga picha za mahafali ya SUA au Mzumbe, sendofu na ubatizo, halafu usiku unaangalia juu ya Uluguru unatamani kuipiga Njia ya Maziwa, usiwaze kununua kamera mbili. Moja inatosha. Tatizo ni kwamba wengi wanakosea kuchagua hiyo moja.

Mtego wa kwanza ni zumu. Nikon Coolpix P1000 ya mwaka 2018 inavuta mara 125, mwezi unajaa skrini nzima. Ukionyeshwa picha hiyo dukani utaamini umepata kamera ya anga. Kwa mwezi na ndege wa msituni, sawa kabisa. Ila kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo kama cha simu. Njia ya Maziwa haihitaji kuvutwa, tayari ni kubwa kuliko skrini yako. Inachohitaji ni mwanga. Na ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, kihisi kidogo kinakupa picha zenye chengachenga.

Mtego wa pili ni kamera zilizotengenezwa kwa ajili ya anga tu, kama Nikon D810A ya 2015 na Canon EOS Ra ya 2019. Hizi zinaruhusu ule wekundu wa mawingu ya gesi angani upite kwa wingi. Ni nzuri, lakini rangi za mchana zinaweza kuegemea wekundu. Jaribu kumweleza bibi harusi.

Kwa hiyo chukua kamera ya kawaida inayobadilishwa lenzi, yenye alama ya M ili uamue kila kitu mwenyewe, na inayohifadhi picha za RAW. Canon EOS 2000D au Nikon D3500, zote za 2018 na zenye megapikseli 24, zinafaa. Hata iliyotumika ni sawa. Hela inayobaki ipeleke kwenye lenzi na stendi imara, maana hapo ndipo picha ya usiku inapopatikana.

Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera usiidharau. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kitovu cha Njia ya Maziwa, kwenye nyota za Nge na Mshale, hupita karibu na utosi. Katikati ya Agosti kinakuwa juu kabisa kama saa 2 na nusu usiku. Juni ni baada ya saa 6. Ukiwa Morningside, mlima uko kusini kwako, lakini hauzibi kitovu kwa sababu kiko juu sana. Simamisha kamera wima kwenye 18mm, utaingiza mlima chini na kitovu juu katika picha moja. Kwa 50mm haiwezekani.

Lakini hiyo 50mm ya f/1.8 ndiyo lenzi ya pili ya kununua. Inaingiza mwanga karibu mara 4 ya ile ya f/3.5, na kwenye harusi inafuta mandhari ya nyuma vizuri. Ni ya bei nafuu kuliko lenzi nyingi. Angani utaitumia kwa vipande vidogo, mfano mkia wa Nge au Kilimia.

Hesabu ya muda ni rahisi. Gawanya 500 kwa urefu wa lenzi mara 1.5 (kamera hizi nyingi zina kihisi cha kati). 18mm inakupa kama sekunde 18, 50mm sekunde 6 tu. Ukizidisha, nyota zinageuka mistari, na karibu na ikweta ya anga zinakimbia zaidi. Mimi ningeanza na sekunde 15, f/3.5, ISO 3200. Lenga kwa mkono: kuza nyota angavu kwenye skrini, zungusha lenzi mpaka iwe nukta.

Ukinunua iliyotumika, elekeza lenzi kwenye mwanga uangalie ndani. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni fangasi, achana nayo. Milima yetu ina unyevu mwingi, hasa upande wa mashariki, na fangasi inapenda hivyo. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, viweke kwenye begi la kamera.

Bado huna hela? Anza na simu. Tangu Pixel 4 ya 2019, simu za Google zina mpangilio wa nyota unaopiga kwa hadi dakika 4, na simu nyingine nyingi zina sehemu ya Pro. Nazo zinahitaji stendi.

Nenda kiangazi, kuanzia Juni, katika siku za mwisho za mwezi wa Kiislamu au zile za mwanzo mwezi unapoandama, maana mbalamwezi inaimeza Njia ya Maziwa yote. Beba betri ya akiba na kitambaa kikavu. Ukungu ukishuka Uluguru unatua kwenye kioo cha lenzi kabla hujaugundua, kwa hiyo futa kila baada ya picha chache.