Gitaa la Mwenda na Mashine Iliyolinasa

Mwaka 1952, mjini Jadotville, mji wa migodi ya Katanga ambao leo huitwa Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean-Bosco akipiga wimbo "Masanga" kwa gitaa kavu, lisilotumia umeme. Santuri ya kampuni ya Gallotone iliyotokana na kazi hiyo ilisafiri hadi Nairobi na kwingineko, na wapigaji wengi wakajifunza gitaa la vidole kwa kuisikiliza. Siku hizi wapo wanaoisikia wakasema sauti yake ni mbovu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Sikio linalotaka kupima gitaa lililorekodiwa lina kazi ya kutenga kwanza kilichofanywa na mkono na kilichofanywa na mashine.

Mwenda alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba hushikilia besi, shahada huchezea nyuzi za juu, na asiyezoea anaweza kuapa kwamba magitaa ni mawili. Sauti hizo mbili zinasikika kila moja mahali pake, kiasi kwamba David Rycroft, katika makala alizochapisha kwenye jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliweza kuandika noti za muziki huo kwa kusikiliza rekodi. Tracey naye alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mwenyewe na kuisogeza alikotaka sauti itoke; uwiano wa gitaa na uimbaji uliamuliwa palepale, kwani hapakuwa na namna ya kuutengeneza baadaye. Hasara ililetwa zaidi na santuri yenyewe. Ile ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba dakika tatu hivi kila upande, ikapunguza besi nzito na milio ya juu kabisa, na kila sindano iliyopita ilizidi kuila mifereji yake. Basi besi ikisikika nyepesi, gumba la Mwenda lisilaumiwe. Hata kasi hudanganya: santuri hiyo ikizungushwa mara 82 kwa dakika, wimbo hupanda karibu nusu toni, na mpigaji anapewa wepesi ambao pengine hakuwa nao.

Atakuja mtu aseme kompyuta imemaliza tatizo hili, kwa kuwa nakala mpya zimesafishwa. Zimesafishwa kweli, lakini mkwaruzo wa santuri na mguso wa kidole kwenye uzi hukaa sehemu moja ya milio ya juu. Fundi akizidi kuufuta wa kwanza, wa pili nao hufifia, na mkia wa noti hukatika kabla ya wakati wake. Mwingine atasema haya yote ni ladha ya mtu. Kupenda ni ladha, nakubali. Lakini kama noti imekatwa, kama besi imeongezwa, kama wimbo umepandishwa, hayo yanahakikishwa kwa kusikiliza nakala mbili kwa zamu, zote zikiwa na ukubwa uleule wa sauti, maana sikio huipendelea yenye kelele zaidi hata isipostahili. Kwa kipimo hicho, nakala yenye mkwaruzo unaovumilika, ambayo ndani yake gumba na shahada bado vinatambulika, ni bora kuliko iliyosafishwa hadi nyuzi zikasikika kama zimefungwa pamba.