Kurudi kwenye usukani wa lori baada ya miaka mingi: niliyoyakuta Nairobi

Ijumaa mbili zilizopita, baada ya swala, nilisimama na jamaa mmoja wa Changamwe nje ya Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi. Ni dereva wa zamani, tulikuwa tukipishana Maungu na Mtito Andei miaka ile. Sasa ana kiduka ambacho hakimlipi, na alitaka kujua jambo moja tu: akirudi kwenye lori, atapokelewa? Si yeye wa kwanza kuniuliza. Tangu nirudi barabarani mwenyewe, simu za namna hii nazipokea kutoka Miritini, Mariakani, hata Malindi, na kila mara najikuta nasema yale yale. Nimeona bora niyaandike mahali pamoja.

Nilianza kama utingo mwaka 2001, nikashika usukani 2006, nikauacha 2018. Katikati hapo nikasoma diploma ya usafirishaji, nikauza vipuri, nikawa mwandishi wa safu hii. Mwaka 2023 nilirudi, miaka 43 kichwani, lakini sikurudia Mombasa. Nilipanga chumba Kangemi, magharibi mwa Nairobi, na huko ndiko nilikojifunza upya kazi niliyodhani naijua.

Kwa nini Nairobi? Wasomaji wa Pwani mnaikumbuka habari yenyewe. Treni mpya ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na mapema 2018 ikaanza kubeba makontena hadi bandari kavu ya Embakasi. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo inayoingia nchini isafirishwe kwa reli. Ndizo siku za maandamano ya Jumatatu Nyeusi pale Mombasa. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema amri ile inakwenda kinyume na Katiba, na Septemba 2022 Rais Ruto, siku ya kuapishwa, akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini Mombasa. Wengi walidhani basi, mambo yamerudi kama zamani. Hayakurudi. Kontena linaloshuka Embakasi haliendi lenyewe hadi ghalani. Linataka lori la kulipeleka Barabara ya Enterprise, Gikomba, Kawangware au Kikuyu. Safari iliyokuwa ya siku mbili kutoka Kilindini imevunjika vipande, na kipande kimoja cha saa tatu kimebaki Nairobi. Dereva anayerudi leo mara nyingi huanzia kwenye kipande hicho, na si kwenye trela la Malaba.

Nianze na karatasi, maana hapo ndipo wengi hukwama kabla hata ya kugusa gari. Kile kijitabu chekundu cha leseni tulichokibandika stika mwaka baada ya mwaka kimepitwa; siku hizi ni kadi, na madaraja yamebadilishwa. Usiende ofisini kwa mtu ukasema una BCE ukategemea akuelewe. Watakuuliza kama una C1 ya lori dogo, C ya lori la kati, au CE ya lori lenye trela. Haya yote yako chini ya NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na maombi hufanywa kwa eCitizen kupitia simu. Mtu wa rika langu asione haya kumkalisha mwanawe kando amsaidie.

Cha pili ni cheti cha tabia njema. Unakiomba kwa eCitizen, kisha unapeleka alama za vidole. Mimi nilipeleka Huduma Centre ya GPO, palepale Kenyatta Avenue. Kifanye mapema, kabla hujaahidiwa kazi, maana mwenye lori hakungoji.

Na kama utapewa lori la mtu binafsi badala ya kampuni, omba kuona karatasi za gari lenyewe: bima, cheti cha ukaguzi, na leseni ya huduma barabarani ambayo gari la biashara lazima liwe nayo. Kituo kimoja cha ukaguzi kiko eneo la viwanda, kwenye barabara inayoitwa Likoni. Mara ya kwanza nilipoambiwa nipeleke lori Likoni nilicheka peke yangu. Likoni bila feri, bila bahari, foleni tu ndiyo ile ile.

Sasa barabara. Aliyeiacha Nairobi 2018 akirudi leo atapotea mchana kweupe. Juu ya Barabara ya Mombasa na Uhuru Highway imepanda ile barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Nguzo zake zimebadilisha njia za chini, na pale ulipozoea kuingia kulia pengine leo huingii. Kabla ya kupanda huko juu na lori muulize tajiri nani analipa, maana ada hupanda kwa ukubwa wa gari na kuna wanaoikata kwenye mshahara wa dereva.

Kama mzigo wako unapita tu kuelekea Naivasha na kwingineko, huna haja ya kuuona mji. Shika Southern Bypass kutoka Barabara ya Mombasa, utatokea upande wa Kikuyu. Kutoka Gitaru kuna Western Bypass inayokwenda hadi Ruaka. Hizi mbili zimetuondolea taabu kubwa. Lakini mwenye mzigo wa katikati ya jiji hana njia ya kukwepa. Barabara ya Kirinyaga, River Road na njia za kuzunguka Marikiti ni nyembamba, mikokoteni imejaa, na mtu wa kukuelekeza unapopiga rivasi ana faida kuliko kioo chochote. Soma vibao vya uzito na saa kabla ya kuingia. Kule Kawangware nyaya zimelegea na makontena marefu huzigusa. Utingo asikae ndani ya gari anakula karanga, ateremke atazame juu.

Uzito nao si kama zamani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ndiyo inayotumika, na hesabu yake inafaa kukaa kichwani: ekseli ya mbele tani 8, ekseli moja ya tairi nne tani 10, ekseli mbili zilizo pamoja tani 18, tatu zilizo pamoja tani 24. Kwa hiyo trela la ekseli sita, ukijumlisha 8 na 18 na 24, linakomea tani 50, mzigo na gari. Kikomo cha juu kabisa ni tani 56, na hapo unahitaji ekseli saba. Zamani tulikuwa tukitazama tairi zilivyobonyea tukasema tutapita. Siku hizi kuna mizani Mariakani, kuna mizani Mlolongo, kuna Gilgil, na hata jumla ikiwa sawa, ekseli moja ikizidi ni kosa. Panga mzigo mwenyewe, usimwachie mpakiaji.

Gari lenyewe litakushangaza kwa siku mbili tatu, kisha utalizoea. Mengi mapya hujibadilishia gia, na aliyejifunza kwa lori la Kizungu kuukuu atakuwa akitafuta klachi kwa mguu wa kushoto. Ndani kuna kifaa kinachomwonyesha tajiri ulipo na mwendo wako. Kontena la forodha nalo hufungwa kufuli la elektroniki linalofuatwa kwa mtambo. Ile tabia ya kuchepuka kidogo kumpelekea shemeji magunia mawili, isahau. Macho pia. Nilipoacha nilikuwa naona kibao cha Voi kabla utingo hajakiona. Niliporudi sikuweza kusoma delivari noti usiku. Nilipimwa macho, nikapata miwani, na nasema wazi kuwa ningeendesha bila hiyo wiki hizo za kwanza ningeua mtu.

Mikono haikusahau kitu. Asubuhi ya kwanza niliingiza lori kwenye ghala la Barabara ya Lunga Lunga kwa rivasi moja, vijana wakapiga makofi, nikajiona bingwa. Kumbe kilichokuwa kimepotea ni ile hofu ndogo ambayo dereva wa kila siku huwa nayo bila kujua, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya azunguke gari kabla ya kuliwasha.

Mwezi wa pili nilipata kibarua na mwenye malori fulani, nisiyemtaja, cha kushusha mzigo wa mawe ya ujenzi kutoka upande wa Limuru hadi Kawangware. Kwa asiyejua nieleze: Limuru iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kutoka Rironi kuja Westlands unateremka karibu njia nzima. Gitaru, Kinoo, Uthiru, Kangemi, barabara pana inayokuvuta kwenda mbio. Sisi tuliozoea njia ya Mombasa mteremko wetu ni mrefu lakini wa polepole. Huu wa Rironi ni mwingine, na mwisho wake kuna soko na vituo vya matatu.

Asubuhi ile nilipolikagua lori niliona geji ya upepo inachelewa kupanda. Nilifungua matangi ya upepo chini, yakatoa maji mengi, dalili kwamba hakuna aliyeyafungua kwa muda. Nikamwambia msimamizi breki zirekebishwe kwanza. Akanijibu, "Mzee, hiyo gari inafanya kazi kila siku. Kama huiwezi sema, madereva ni wengi." Nilikuwa na karo ya watoto wawili haijalipwa. Nikasema Bismillahi nikaingia.

Nilifanya pia kosa la pili. Baada ya Gitaru nilikuwa kwenye gia kubwa mno, nikitegemea mguu. Kila nikigusa breki gari lilitii, lakini kila mara nililazimika kukanyaga ndani zaidi. Kabla ya Kinoo harufu ikaingia, ile harufu ya breki iliyoungua ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Breki ya lori ikishapata moto kiasi hicho haishiki tena, hata upepo uwe umejaa. Dereva akichelewa hapo hawezi hata kurudi kwenye gia ndogo, maana mwendo umeshazidi. Mimi sikuwa nimechelewa sana. Nilipunguza gia moja, injini ikapiga kelele, nikapunguza nyingine, nikawasha breki ya injini na taa za tahadhari, nikakaa upande wa kushoto kabisa. Karibu na Uthiru pana mahali barabara inalegea kidogo. Hapo ndipo liliposimama. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya nyuma. Utingo, kijana wa Kwale, alikuwa ameshafungua mlango tayari kuruka.

Ndugu zangu, tarehe 30 Juni mwaka ule ule wa 2023, pale makutano ya Londiani, lori lenye kontena lilitoka barabarani likaingia kwa watu na magari yaliyosimama pembeni. Waliokufa walizidi 50. Sina la kusema kuhusu sababu ya ajali ile. Nilichowaza nikiwa nimekaa juu ya jiwe pale Uthiru ni stendi ya Kangemi saa kumi na moja jioni, akina mama na mboga zao, na umbali uliobaki.

Kwa hiyo jamaa wa Changamwe nilimwambia hivi. Utapokelewa, ndiyo, uzoefu bado una thamani. Lakini usikubali kuanza na trela. Omba lori dogo la mjini miezi mitatu, hata kama malipo yanakuaibisha mbele ya vijana. Kila asubuhi fungua matangi ya upepo, jaza upepo, zima injini, kanyaga breki uone geji inashuka kiasi gani. Kwenye mteremko ingia na gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, na usithubutu kutoa gia ili kubana mafuta. Hiyo ndiyo desturi iliyolipa Salgaa jina baya. Lala usiku, usitegemee mirungi. Na Ramadhani weka tende na maji karibu na kiti, maana adhana ya magharibi itakukuta kwenye foleni ya Waiyaki Way, hilo halina shaka. Kumtegemea Mungu ni baada ya kufunga ngamia.

Akaniuliza, na yule tajiri wa mawe? Nilimweleza. Jioni ile nilimpigia simu aje na fundi, nikakataa kulisogeza lori hata hatua moja. Fundi alikuja saa tatu usiku. Siku mbili nilizofanya nililipwa moja, na kesho yake usukani ukapewa mtu mwingine.

Lori lenyewe bado naliona. Hupita Kangemi asubuhi mara mbili tatu kwa wiki, na sasa anayeliendesha ni yule yule kijana wa Kwale, amepata leseni. Nilimsimamisha siku moja kwenye stendi nikamuuliza kama matangi anayafungua. "Ami, nayafungua kila siku," akasema, akicheka, mkono mmoja tayari uko kwenye gia. Nikainama nikafungua moja mwenyewe. Lilitoa upepo mkavu.