Beji za mionzi: Kumbukumbu inayosomwa Njiro

MTUMISHI wa chumba cha eksirei huvaa kifuani beji ndogo isiyolia wala kuwaka. Muda wake wa matumizi ukiisha, beji hiyo hurejeshwa maabara kusomwa. Kwa Tanzania, kazi hiyo iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), yenye maabara Njiro, jijini Arusha. Tume hiyo iliundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, ikirithi majukumu ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyotokana na sheria ya mwaka 1983.

Ndani ya beji ya aina iliyoenea duniani mna kipande cha fuwele ya floridi ya lithiamu. Mionzi ikipita hung'oa elektroni, na baadhi yake hunaswa katika kasoro za fuwele. Kipande kikipashwa moto, elektroni hufunguka, hutoa mwanga, na mwanga huo ndio unaopimwa.

Lakini mitego hiyo haishiki sawasawa. Katika joto la kawaida, ulio dhaifu kabisa hupoteza nusu ya elektroni zake kwa takriban dakika 5; unaofuata kwa saa kama 10; ule unaotegemewa kwa vipimo huchukua takriban miaka 80. Ndiyo maana fuwele hupashwa kwanza joto dogo la kufuta mitego dhaifu. Bila hivyo, mionzi ya jana ingeonekana mingi kuliko kiasi kile kile cha mwezi uliopita.

Jambo hili si la fuwele pekee. Katikati ya miaka ya 1950, Ralph Livingston, Henry Zeldes na Ellison Taylor wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walipiga mionzi ya gama asidi zilizogandishwa kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Elektroni zilizong'oka zilikutana na protoni za asidi, zikawa atomu za haidrojeni zilizokwama kwenye barafu. Barafu ya maji matupu haiwezi kuzishikilia kwa ubaridi huo; inahitaji mkali zaidi. Barafu ya asidi ikipata joto kidogo, atomu hutoroka, upesi mwanzoni, kisha polepole, hivyo namba moja haitoshi kueleza kupungua kwake.

Kwa mtumishi wa eksirei, hesabu hiyo ni ya afya. Ukomo unaopendekezwa kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka 5, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote. Beji iliyoachwa juani ndani ya gari huweza kupoteza sehemu ya elektroni zake kabla ya kufika Njiro, na kipimo kikasoma pungufu ya mionzi aliyoipata mvaaji.