Muziki na Vishindo katika Tom and Jerry

Tom and Jerry ni mfululizo wa katuni fupi za Marekani uliobuniwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio za MGM. Kati ya mwaka 1940 na 1958 zilitoka filamu zao 114, na 7 zikashinda tuzo ya Oscar. Kwa kuwa paka Tom na panya Jerry ni nadra kusema neno, kazi ya kugeuza kipigo kuwa kicheko iliiangukia okestra ya mtunzi Scott Bradley (1891–1977).

Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde. Hanna alipanga vitendo kwa hesabu hiyo, na Bradley akatunga muziki wake juu ya hesabu ileile, hivyo kishindo na rungu vinatua pamoja. Tom akinyata, nyuzi za fidla hudonolewa kwa vidole. Kikaango kikimpata usoni, kinacholia ni chuma, wala mfupa hausikiki. Hiyo ndiyo siri yenyewe: jicho linaona ukatili, lakini sikio linapokea mlio wa chombo. Kinachobaki cha kibinadamu ni ukelele wa Tom, ambao Hanna aliupiga kwa koo lake mwenyewe, nao hukatizwa ghafla kabla mtazamaji hajaanza kumhurumia.

Bradley hakuwa mfuasi tu wa picha. Katika Puttin' on the Dog (1944) alitumia mfumo mgumu wa noti kumi na mbili wa watunzi wa kisasa wa Ulaya, na watoto wakacheka bila kujua wanasikiliza nini. Katika The Cat Concerto (1947) mambo yamegeuzwa kabisa: Tom anapiga kinanda kipande cha mtunzi Liszt, na nyundo za kinanda ndizo zinazompiga Jerry aliyemo ndani. Hapo muziki wenyewe ndio fimbo.

Studio ya Warner Bros. ilikuwa na njia nyingine ya kugeuza kipigo kuwa kicheko. Mhusika wake wa katuni, Wile E. Coyote, anapoporomoka bondeni, mlio hufifia, kimya kinatanda, kisha kishindo kidogo kinasikika kwa mbali.

Mwaka 1961 na 1962 mwongozaji Gene Deitch alitengeneza filamu 13 za Tom and Jerry mjini Prague, bila Bradley. Sauti za filamu hizo zina mwangwi mwingi na muziki haukibebi kipigo. Ndiyo maana mateso ya Tom humo yanauma kuyatazama.